Kiapo cha Papa Albert kwa Luteni

Papa yangu Albert, mwindaji wa Kashebere, hakuogopa chui wala padri. Mwaka 1947 alimtoa msituni Luteni Lambrecht, Mbelgiji aliyekuwa amepotea siku nne, miguu imeoza ndani ya buti. Baadaye wakachanjana kifuani, wakalishana ndizi iliyopakwa damu. Padri aligomba misa nzima. Papa akasikiliza hadi mwisho, akarudi nyumbani kula.

Wanaochanjana huwekeana ahadi. Yao ilikuwa hii: mmoja akifa, aliyebaki hatatia chakula kinywani kabla hajamzika mwenzake.

Luteni akarudi kwao Ubelgiji. Kila mwaka Papa alimwandikia kwa mkono wa Gustave, moniteri aliyefundisha shule ya misheni, na Luteni akajibu. Mwaka 1951 hakujibu, wala uliofuata. Mama akaingiwa na wasiwasi. Papa akamcheka, akajigusa kovu.

“Mama Valérie, kama angekufa, hii kovu ingeniuma. Haiumi. Luteni iko muzima.”

Nami Valérie nilimwamini. Kwetu nani hakujua kwamba damu haifichi kifo?

Juni 1953 ikaja barua ya dada yake Luteni. Gustave alianza kuisoma amesimama, kisha akaketi.

“Papa Albert, Luteni aliuawa mu vita. Kule Korea, ngambo ya bahari.”

“Siku gani?”

“Aprili 1951, Papa.”

Papa akafungua shati, akalitazama lile kovu, akalifinya kwa kucha mpaka likatoka damu. Aprili ile ndiyo niliyoolewa. Papa alikula mbuzi, akacheza mpaka suruali ikapasuka, nasi tukamcheka mpaka machozi.

Kabla jua halijatua alikata mgomba, akauvisha koti aliloachiwa na Luteni, akauzika nyuma ya nyumba kama mtu. Tulilia kama tuliofiwa leo. Mama akamletea ugali na mboga ya sombe.

“Kula sasa, Papa Valérie. Umeshamuzika.”

Papa akaisukuma sahani.

“Nilikula miaka mbili,” akasema. “Miaka mbili, na mwenzangu hajazikwa.”

Siku ya nne tulimlazimisha, akala. Aliishi miaka mitano tena, na kila mlo aliula akiwa ametugeuzia mgongo.