Kipimajoto Nilichokiunguza

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Miaka ile ya tisini nilikuwa fundi wa redio pale Waberi, mjini Garissa, nikaitwa kambi ya wakimbizi ya Dagahaley nikafunge kipimajoto kipya kwenye friji ya chanjo ya zahanati. Kilikuja na bodi ndogo ya kompyuta, saizi ya kiberiti, yenye kioo cha kuonyesha namba. Chenyewe kilifanana na transista: kichwa cheusi, miguu mitatu. Mguu mmoja wa umeme, mmoja wa ardhi, na wa katikati wa kupitisha namba. Kilikuwa kimoja tu, na nilikishika kwa hofu kama yai.

Transista huwa nazisoma nikitazama ule uso uliobapa. Nimefanya hivyo miaka mingi, kwa hiyo sikufikiria mara mbili. Nikalehemu, nikaweka rezista, kile kipande cha kupunguza umeme, kati ya mguu wa umeme na ule wa katikati, nikawasha. Kioo kimya. Nikagusa kichwa cheusi, kikaniunguza kidole. Ndipo nilipoitazama vizuri karatasi ya mchoro. Miguu ilikuwa imechorwa kama inavyoonekana kutoka chini, nami nilikuwa nimeifunga kinyume. Niliangalia mlangoni kama mwizi. Hakuna aliyeniona. Nikaigeuza miguu, nikawasha tena, nikakitia ndani ya friji, na baada ya muda kioo kikasema sita.

Muuguzi, mama mmoja kutoka bara, alifurahi sana, kwa sababu chanjo ya surua inataka kati ya nyuzi mbili na nane. Kipimajoto chake cha zamani cha mrija wa kioo akakituma zahanati nyingine kwa gari la jioni, maana sasa tulikuwa na cha kisasa. Nilitaka kusema. Nikamwambia iko sawa.

Asubuhi bado kilisema sita, na foleni ya akina mama ilikuwa imefika kwenye ua wa miiba. Mmoja nilimjua. Alikuwa mfugaji niliyemkuta njiani akiiogopa sindano, nikamtuliza mwenyewe, akatembea na mtoto mgongoni hadi hapa. Chanjo iliyopata joto haimkingi mtoto, na hakuna anayejua mpaka surua ifike nyumbani.

"Sista," nikamwambia muuguzi, "hii kitu jana mimi ilifunga vibaya. Ilichomeka kidogo."

"Na ukaniambia iko sawa?"

"Niliogopa."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alitoa pakiti ya barafu iliyokuwa imeshaanza kulegea, akaipasua, akaiponda kikombeni na maji, akaniambia nikitumbukize kipimajoto. Nikakivisha nailoni, nikakitia. Barafu inayoyeyuka lazima isome sifuri. Kioo kikasema tano chini ya sifuri.

Kilikuwa kinapunguza tano. Friji yetu, basi, ilikuwa kwenye kumi na moja, tangu lini hatukujua. Muuguzi aliinama akatazama utambi wa mafuta ya taa unaoiendesha friji, akakuta umejaa masizi. Kisha akazitoa chupa zote za chanjo, akaziweka kando zisitumike.

Ilinibidi niwaeleze akina mama kwa Kisomali, mimi mwenyewe, kosa langu lote na jinsi kikombe cha barafu kilivyolifichua. Wengi waliondoka wakinung'unika. Yule mfugaji aliuliza jambo moja: kama nisingesema, mtoto wake angechomwa ile ile? Nikamwambia ndiyo. Akaketi kwenye kivuli cha ukuta.

Alikaa hapo siku mbili, na kila nilipopita alinifuata kwa macho. Gari la Garissa lilipofika na sanduku la chanjo, ndani yake kukiwa na kipimajoto cha kioo, alisimama mlangoni akakataa kumfungua mtoto.

"Kwanza kikombe," akaniambia.

Nikaponda barafu mbele yake, nikakitumbukiza kipimajoto cha kioo. Tulisubiri wote watatu, yeye, muuguzi na mimi. Kiliposhuka hadi sifuri nikamwonyesha mstari kwa kidole kilekile kilichoungua, naye akamfungua mtoto mgongoni.