Kofi la Zabibu

Zabibu alianza karate akiwa mtu mzima, mwenye binti aliyekwisha kuolewa na goti linaloalika kila akichuchumaa. Singida mjini walisema ni wazimu. Wengine wakasema mabanda ya video yamemharibu. Mimi Stumai, niliyeuza dagaa meza ya pili kutoka kwake sokoni, ndiye niliyejua sababu. Zabibu alikuwa na kofi la kurudisha.

Kofi lenyewe nililiona. Enzi za ruksa ndiyo kwanza zinaanza, mitumba inashushwa kwa marobota, na kila mwenye mjomba Dar es Salaam amegeuka mfanyabiashara. Mrisho alikuwa mmoja wao. Juzi tu alikuwa utingo wa lori, leo ana robota na anataka kulifungulia pale pale Zabibu alipokuwa akipanga vitunguu vyake tangu tulipokuwa tunasimama foleni ya sukari. Akamwambia ahame. Zabibu akamuuliza kama soko hili alilirithi kwa babu yake. Mrisho akamchapa kofi la shavu, kofi zito la mkono mzima, kisha akavipiga teke vitunguu vikatawanyika njiani.

Ingekuwa kupigwa tu, pengine yangeisha. Lakini nyuma yangu alikuwa amesimama Anuari, kijana aliyemposa Nasma, binti wa Zabibu. Alikuja na kanzu yake nyeupe kumsalimia mkwewe. Kwetu mkwe ni mtu wa kuonea haya, hata kumtazama usoni unajikaza. Yule kijana akachuchumaa kwenye tope akaanza kuokota vitunguu, watu wanacheka. Zabibu naye anaokota. Mkwe na mkwewe, vichwa karibu vigongane, hakuna anayejua aangalie wapi.

Harusi ilifanyika. Ila tangu siku ile Anuari alimsalimia Zabibu kwa sauti ya kumwonea huruma, ile tunayoitumia tukienda kumjulia hali mgonjwa. Hiyo ndiyo iliyomla Zabibu.

“Stumai,” aliniambia, “nataka kofi langu limrudie Mrisho, na mkwe wake naye awe anaangalia.”

“Na iwe hivyo,” nikamjibu. Mimi si mtu wa kumshauri mwenzangu asamehe. Sikulelewa hivyo.

Klabu ilikuwa kwenye ghala la ushirika lililobaki tupu baada ya wanunuzi binafsi kuanza kuifuata alizeti huko huko mashambani. Mwalimu alikuwa Antipasi, fundi cherehani aliyejifunza karate ya Okinawa akiwa Dar es Salaam, mtu mpole wa maneno machache. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima, makondakta na walimu na nesi mmoja. Nguo zao nyeupe alizishona mwenyewe kwa mifuko ya unga wa ngano. Ya Zabibu ilikuwa na maandishi ya kiwandani mgongoni ambayo hata jiki iliyashindwa. Walinyanyua mitungi iliyojazwa mchanga kwa kuibana ukingoni kwa vidole vitupu. Walipiga ubao uliozungushiwa kamba ya katani mpaka mikono ikaota sugu. Zabibu alipiga ule ubao kuliko wote, nami nilijua anaona sura ya nani.

Miaka ikaenda. Alipanda kutoka mkanda mweupe hadi wa kahawia, na goti likanyamaza lenyewe. Nikamuuliza mbona hamwendei tu Mrisho pale kwenye mitumba yake ammalize.

“Mkwewe yuko Mwankoko,” alisema. “Sokoni haji.”

Mkwe mwenyewe, baba wa mke wa Mrisho, alikuwa Mzee Abdulmajidi, mtu wa msikitini, mwenye heshima kubwa. Mrisho akimwona kwa mbali alivua hata miwani ya jua.

Halafu mawindo yakajileta yenyewe. Vibaka walimpiga Mrisho stendi wakamwacha amelala chini, na baada ya wiki kadhaa akatokea pale ghalani, tumbo mbele, anataka kujifunza kujihami.

“Ah, dada Zabibu! Kumbe na wewe upo? Yale ya sokoni si yalishaisha?”

“Yameisha, kaka,” akajibu Zabibu. Aliponisimulia jioni ile alikuwa anacheka peke yake.

Sasa, watu wa karate ile wana zoezi wanaloliita sanchin. Mtu anatembea hatua fupi polepole, mwili wote ameukaza, anavuta na kutoa pumzi kwa sauti. Huku anatembea, mkubwa wake anamzunguka na kumpiga kwa viganja, mabegani, mgongoni, mapajani, kupima kama amekaza kweli. Anayepigwa hakwepi wala harudishi. Akimaliza anainama na kusema asante. Antipasi alikuwa na masharti mawili: asiyeijua sanchin haguswi, na usoni hapigwi mtu yeyote. Ukivunja mojawapo, mkanda unauacha hapo hapo.

Kwa hiyo ili Zabibu apate ruhusa ya kumpiga Mrisho, ilibidi kwanza Mrisho aijue sanchin. Zabibu akaomba amfundishe yeye mwenyewe.

Jamani, sifa alizopewa! Nesi alisema huo ndio moyo wa dhahabu. Antipasi aliwaambia wengine waige mfano wa Zabibu. Yeye anazidi kumkalia Mrisho kooni. Shusha mabega. Kaza tumbo. Usipepese macho. Alimchelewesha baada ya wenzake kuondoka, akamrekebisha vidole vya miguu kimoja kimoja. Hata mimi nikaanza kuingiwa na wasiwasi.

“Zabibu, mbona unamlea?”

“Wewe kuku wako unamchinja akiwa kifaranga?”

Siku ya mtihani ikatangazwa, na wanafunzi wakaruhusiwa kualika ndugu. Mrisho, kwa kutaka sifa, akamleta Mzee Abdulmajidi na kumtafutia kiti cha mbele. Nilipomwona yule mzee anakaa na bakora yake, nikasogea mbele kwenye benchi. Nilikuwa nimefunga biashara mapema, sikutaka kupitwa.

Mrisho akaingia katikati. Tumbo halikuwapo tena. Akaanza kutembea, pumzi zinasikika hadi mlangoni. Zabibu akamzunguka taratibu. Akampiga mabegani kwa viganja vyote viwili. Hakutikisika. Mgongoni, mapajani, vivyo hivyo. Nilimwona Zabibu akikitazama kiganja chake kama kimemdanganya. Alikuwa amempika mtu yule kwa mikono yake mpaka akawa gogo.

Ndipo akasimama mbele yake na kumzaba kofi la shavu.

Ghala zima lililisikia. Mimi niliruka kwenye benchi. Lakini Mrisho hata jicho hakupepesa. Alimaliza hatua zake, akatoa pumzi ya mwisho, akainama mbele ya Zabibu na kusema, “Asante, mwalimu wangu.”

Watu wakapiga makofi! Walidhani ndivyo mtihani ulivyo. Mzee Abdulmajidi alikuwa anatabasamu na kugonga bakora chini kwa furaha ya mkwewe. Miaka yote ile, Zabibu ameota sugu, halafu anayeshangiliwa ni Mrisho. Nilitamani nishuke nikampige mimi.

Zabibu akawageukia watu. Kisha akasema, kwa sauti ya sokoni, ile ya kuita wateja:

“Usinishukuru. Hilo halikuwa la karate.”

Makofi yakakatika.

“Hilo ni lako mwenyewe, Mrisho. Ulinipa sokoni, mjane wa watu, nikiwa nauza vitunguu. Mkwe wangu akaniokotea kwenye tope. Nimekurudishia, na wako anaona.”

Mzee Abdulmajidi akaacha kutabasamu. Aliinuka polepole akiegemea bakora.

“Ni kweli, Mrisho? Ulimpiga mama huyu mbele ya mkwewe?”

Mabega yale ambayo hayakutikiswa na viganja vya Zabibu yalishuka. Mrisho akatazama kulia, akatazama kushoto, akaishia kutazama sakafu. Sikumwonea huruma hata chembe. Niliutazama uso wake mpaka nikashiba. Mzee hakusubiri jibu. Alitoka, na Mrisho hakuthubutu kumfuata.

“Zabibu,” Antipasi akaita kwa upole. “Mkanda.”

Aliufungua bila kubishana, akaukunja vizuri, akaupokeza kwa mikono miwili kama walivyofundishwa. Hakurudi tena pale ghalani, na najua aliyatamani mazoezi, maana siku nyingine nilimkuta amenyanyua chungu kwa kukibana ukingoni kwa vidole, anahema peke yake.

Asubuhi iliyofuata mtihani ule, Anuari alipita sokoni. Habari ilikuwa imeshamfikia, kama ilivyomfikia kila mtu. Alisimama mbele ya vitunguu, ameinamisha macho kama mkwe anavyopaswa.

“Shikamoo, mama.”

Nikategesha sikio. Ile huruma ya miaka yote haikuwamo.

“Marahaba, mwanangu,” Zabibu akajibu, na mkono uliokuwa ukipanga vitunguu ukasimama.