Ruta Niliyoifungia Sandukuni

Mwaka 1998, nikiwa na miaka ishirini na tisa, vita ilinitoa Kindu, kule Kongo, na suruali moja mwilini, na tangu siku ile kitu changu ninakifunga. Masomo niliishia darasa la tatu, na sioni haya kusema. Haya yangu iko kwingine, iko kwenye suruali, na leo nitaisimulia mwenyewe maana hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi Malawi, batoto bado bananiigiza njiani, na bananiigiza vibaya.

Nina biro, kiofisi changu, karibu na soko: watu wanakuja kuandika barua, kutoa fotokopi, kuongea na ndugu zao kwa video. Niliponunua ruta, kile kisanduku chenye taa kinachogawa mtandao, nilikilipia bei kubwa hata sikuona sababu ya kukitundika ukutani kama kalenda. Kwetu kitu cha maana kinavikwa. Mke wangu, Mama Salima, alikifumia napero, kitambaa cha uzi mweupe chenye maua, sawa na ile ya televisheni, na mimi nikakiweka ndani ya sanduku langu la chuma, nikatoboa tundu kwa nyuma la kupitisha waya wa umeme, nikapiga kofuli. Ufunguo nikaufunga kwenye kamba kiunoni, ndani ya nguo (ndani kabisa, msiniulize), kamba ileile iliyokuwa inashika suruali tangu mkanda wangu ukatike. Kwa nini ninunue mkanda na kamba iko?

Wiki ileile mtandao ukaanza kutambaa. Mteja anafungua barua moja, anaenda kula nsima, anarudi, bado inazunguka. Mtu mwenye akili angejiuliza, kumebadilika nini? Mi nilijiuliza, nani anatuibia?

Na mwizi nilimpata haraka. Pasta Onesfori, jirani yangu Murundi, alikuwa amenunua simu kubwa, na kila jioni anakaa na simu yake kwenye benchi lililoegemea ukuta wangu. Nikamkuta penye bomba la maji, wanawake wamejaa na ndoo zao, nikasema kwa sauti ya soko:

"Pasta! Jumapili unahubiri, Jumatatu unanyonya mtandao wangu!"

"Mzee Ramazani, mimi hata neno lako la siri silijui."

"Utakosa kulijua? Si huwa unaoteshwa?"

Wanawake wakacheka, nami nikavimba kama andazi. Pasta akasema polepole, "Sawa, Mzee. Na ile ralonji yangu uliyoazima mwaka juzi, utanirudishia lini?"

Ralonji ni ule waya mrefu wa umeme wenye matundu manne. Nikamwapia kwa Mungu, mbele ya ndoo zote zile, kwamba nilikwisha kumrudishia. (Nilikuwa nimesahau. Lakini mi nikisahau, ninaapa.)

Nikabadilisha neno la siri. Mtandao bado unatambaa. Nikapanda gari mpaka Lilongwe, dukani, na binti mmoja wa pale akaniuliza kwa Kichewa, "Bambo, umeiweka wapi? Iko juu, pa wazi, mbali na vyuma?" Nikamjibu kwamba iko mahali pa heshima. Kitoto cha jana kinifundishe kuweka vitu? Nikanunua bando kubwa zaidi, nikashukuru kwa zikomo yao, nikarudi.

Ijumaa asubuhi akaja Aline, binti wa Pasta yuleyule. Chuo cha uuguzi kilikuwa kinamhoji kwa video, nafasi ya kulipiwa ilikuwa moja tu, na kompyuta yenye kamera pale karibu ilikuwa yangu. Baba yake alisimama mlangoni na nusu ya kanisa nyuma yake. Hakunisalimu, na haki alikuwa nayo.

Mahojiano yakaanza, Aline akafungua mdomo, na picha ikaganda vilevile, mdomo wazi. Sauti inakatika, inarudi, inakatika. Mwisho yule mama wa chuo akasema, "Aline, hatukusikii. Tunakupa dakika kumi. Ikishindikana tunamwita mwingine."

Aline hakulia. Alinigeukia, akauliza, "Mzee, ruta iko wapi?"

"Iko salama."

"Iko ndani ya sanduku!" Mama Salima akapiga kelele. "Toa ufunguo, we mwanaume!"

Fundo lilikuwa limekazwa na jasho la wiki tatu. Nikavuta, likakataa. Mama Salima hakuniuliza, akachukua mkasi wa biro akaikata ile kamba, na suruali nayo ikashuka mbele ya kanisa. Nikaidaka magotini. Mkono mmoja suruali, mkono mwingine kofuli, njo hivyo nilifungua sanduku langu, na joto likatoka kama la tanuri ya mikate.

Chini ya napero kulikuwa na ruta. Chini ya ruta, ralonji nyeupe imeandikwa kwa rangi nyekundu: PASTA ONESFORI.

Nilikuwa nimemwita mtu mwizi, na waya wake njo unawasha taa zangu.

Pasta aliisoma, akainama, akavua ile napero, akanipa ruta. "Inua juu, Mzee. Mtoto anangoja."

Nikapanda kwenye meza, ruta juu ya kichwa, suruali mkononi. Na picha ikatulia, safi, kila kitu kinaonekana, hata mimi.

"Aline," yule mama akasema, "huyo mzee nyuma yako ni nani?"

Angeweza kusema mengi. Akasema, "Ni jirani yetu. Anatusaidia mtandao."

Nilisimama hivyo mpaka mahojiano yakaisha. Mkono ulikufa ganzi, sikuushusha. Na ile nafasi moja, Aline aliipata.

Kesho yake nilienda penye bomba, saa ya ndoo, nikamwomba Pasta msamaha kwa sauti ileile ya soko. Akanijibu, "Nilioteshwa kwamba utakuja." Wanawake wakacheka kuliko siku ya kwanza, na zamu hii sikuvimba. Sitamwita tena mtu mwizi kabla sijafungua sanduku langu.

Leo nina nyumba ya vyumba vitatu, biro, kompyuta nne, mashine ya fotokopi, mbuzi sita, mkanda wa ngozi, ralonji niliyoinunua mwenyewe, na ruta, juu ukutani, uchi. Sanduku bado ninalo. Ndani kuna napero tu, na kofuli nimetoa.