Karatasi ya Kung'aa na Vifaranga Mia Nne

Aliyesema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, hakuwahi kuwa na mayai mia nne na hamsini ndani ya mashine ya kutotolea. Yai la mashine lina tarehe yake. Siku ya ishirini na moja linapasuka, uwe na mteja usiwe naye, na anayetoka humo anataka joto, maji na chakula. Mimi nilikuwa na nafasi ya vifaranga mia moja tu, tena wa kubanana, kwenye chumba kilichokuwa jiko. Waliobaki ilibidi waondoke siku ileile, la sivyo wangefia mikononi mwangu. Na mashine yenyewe niliinunua kwa kuuza migomba niliyorithi kwa baba, jambo ambalo kaka zangu hawakunisamehe. Walikuwa wakisubiri nishindwe, tena walisubiri kwa heshima, wakiuliza kila Jumapili baada ya misa mayai yanaendeleaje.

Kwa hiyo tulihitaji vipeperushi, na hapo ndoa yangu ya miaka ishirini na sita ikagawanyika vyama viwili.

Mimi nilikuwa na printa. Niliinunua kwenye ofisi moja iliyokuwa inafungwa, na nilipoifikisha hapa Kanazi nikaelewa kwa nini ilifungwa. Ilikula karatasi moja katika kila tano, na zile ilizozirudisha ilizipiga mstari mweusi kutoka juu hadi chini. Kifaranga niliyemweka kwenye tangazo alitoka kama kiazi kilichoota miguu, na mstari ukampita shingoni. Lakini maneno yalisomeka: vifaranga wanauzwa, bei hii, siku hii, nyuma ya ghala la kahawa. Nilipanga matangazo manne kwenye karatasi moja nikayatenganisha kwa mkasi wa kushonea.

Mume wangu aliyatazama kama mtu aliyeletewa ugali mbichi. Yeye ni dereva mstaafu wa mashirika ya misaada. Miaka ile ya wakimbizi, Ngara ilipojaa magari meupe yenye antena ndefu, aliendesha karibu yote, na huko alijifunza kwamba karatasi isiyong'aa si karatasi. Akaniambia ukimpa mtu karatasi ya kufungia karanga, atafungia karanga. Kusema kweli hakukosea sana. Gulio lililofuata, akina mama wa karanga walinipokea vizuri mno, mmoja akauliza kama ninazo nyingine.

Basi akapanda gari kwenda Biharamulo na nakala yangu mfukoni, akamtafuta mtu wa kuchapisha anayejua kazi yake. Alirudi jioni amepakata boksi kama mtoto mchanga. Karatasi nene, rangi ya kijani na bluu, inateleza mkononi. Juu, watoto wasio wa kwetu wanacheka kwa meno yote. Katikati, mikono miwili imeshikana, na chini yake PAMOJA TUINUE KAYA. Kifaranga alikuwepo, msafi kana kwamba ameogeshwa kwa sabuni ya harufu. Nikauliza wapi pameandikwa kwamba tunauza. Akaniambia nivae miwani. Nikavaa. Ilikuwa pembeni kabisa, pamoja na bei, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, kwa sababu fundi alimweleza kwamba maneno mengi yanaharibu urembo.

Nilikasirika. Lakini nitasema ukweli wote: usiku ule nilichukua moja nikainusa. Ilikuwa na harufu ya ofisi ya mkubwa.

Tukagawana nchi. Mimi nikabaki na gulio, kanisa na majirani, na viazi vyangu vyenye miguu. Yeye akakodi bodaboda akaenda Ntobeye na vijiji vya njiani na boksi lake. Aliporudi alisimulia jinsi watu walivyopokea kwa mikono miwili, wengine wakifuta vidole kwanza kwenye nguo. Hakuna hata mmoja, akasema, aliyebishana naye bei. Hapo mtu mwenye akili angeshtuka. Sisi tulichemsha chai tukanywa.

Siku ya ishirini na moja tuliamshwa na kelele. Walitotolewa mia nne na kumi na wawili, na kwa dakika chache nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote Kagera. Kufikia saa mbili, vipeperushi vyangu vilikuwa vimeleta watu watatu. Wawili walinunua ishirini ishirini. Wa tatu alikuja kuangalia kama ni kweli kuku wangu wana ugonjwa wa shingo. Nyuma yake aliingia bibi mmoja mwenye kikapu kilichotandikwa nyasi kavu, aliyetoka milimani kwa miguu tangu alfajiri. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanitajia jina lake na la baba yake taratibu, kana kwamba nilitakiwa kuliandika mahali, kisha akaketi penye kizingiti.

Ndipo lilipofika gari dogo la mizigo kutoka Ntobeye. Wakashuka watu wasiopungua ishirini na watano, wanawake wamevaa vitenge vya harusi, wanaume wamechomekea. Mbele yao mwenyekiti wa kitongoji. Akanisalimia kwa adabu, akanikabidhi orodha iliyopigwa mistari kwa rula: jina, umri, jinsia, sahihi, na chini kabisa muhuri wake. Kila mtu alikuwa na nakala ya kitambulisho na picha ndogo mbili. Wakaketi chini uwanjani, na mwenyekiti akauliza semina itafunguliwa na nani, na nauli ya gari walilokodi itarudishwa kabla au baada ya chai. Mama mmoja alitaka kujua kama tunatoa na vyombo vya maji, maana mradi wa mbuzi ulitoa.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Katika wilaya yetu hakuna mtu aliyewahi kuuziwa kitu kwa karatasi ya namna ile. Karatasi inayong'aa, yenye watoto wanaocheka na mikono iliyoshikana, maana yake kuna mtu anagawa, na wa kwanza kujiandikisha ndiye wa kwanza kupata. Aliyepaswa kulijua hilo kuliko wote ni mtu aliyezisafirisha karatasi hizo miaka yote. Nikamtafuta kwa macho. Alikuwa ameingia chumba cha mashine, kuangalia joto.

"Ndugu zangu, hakuna mradi," nikasema. "Vifaranga wanauzwa."

Mwenyekiti akaigeuza ile karatasi mbele na nyuma. Hakuwa na hasira, alikuwa mpole kama mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi mzito.

"Mama, anayeuza kuku hana karatasi kama hii."

Watu wakaanza kusimama, wanakung'uta vitenge. Nyuma yangu vifaranga walikuwa wanalia kwa pamoja, na mimi nikaogopa kweli. Nikaiona ile migomba ya baba, nikawaona kaka zangu Jumapili wakinipa pole.

Bibi wa kizingitini ndiye aliyeuliza, "Hawa wengine utawaweka wapi?"

Nikamwambia sina pa kuwaweka.

"Basi nipe mimi nikureree, nikufugie. Wakikua, tutagawana."

Kwetu hilo halihitaji maelezo. Mwenye ng'ombe wengi humkabidhi asiye nao, huyu anafuga, uzao wanagawana. Wahangaza tunaita kuragiza. Kwa ng'ombe kila mtu anajua, kwa mbuzi pia. Kwa kifaranga wa siku moja hakuna aliyewahi kusikia, na kuna mtu alicheka. Lakini mwenyekiti aliketi tena, na walipomwona ameketi wengine nao wakaketi. Tukapatana hapohapo: kila mmoja kumi, baada ya miezi minne tunagawana walio hai nusu kwa nusu, na atakayechukuliwa na mwewe tutamlaani mwewe, hatutalaaniana. Nisidanganye, mwaka ule mwewe wa Ntobeye walikula kuliko mwewe wa Tanzania nzima. Hata hivyo walirudi wa kutosha, mashine bado inafanya kazi, na kaka zangu siku hizi wananiuliza habari za afya. Printa ya mstari ndiyo inayochapisha matangazo yetu. Zile za kung'aa nazikuta ukutani kwenye nyumba za watu, zimebandikwa juu ya kitanda.

Siku ile mwenyekiti alisisitiza twende kwa utaratibu wa orodha yake, na mimi kwa jinsi nilivyofarijika ningekubali hata utaratibu wa urefu. Mikono yangu ilikuwa ndani ya makreti, kwa hiyo alihitajika mtu wa kusoma majina. Hapo mume wangu akatoka. Nilitegemea hotuba. Akaichukua orodha.

Aliwahi kunisimulia mara moja tu jinsi siku za kugawa chakula kambini zilivyokuwa. Yeye alikaa kwenye gari, injini imezimwa, na orodha ilisomwa na mgeni aliyeyavunjavunja majina. Ambaye jina lake halikuwepo alirudishwa na gunia lake tupu. Wengine walikuja dirishani kumwomba yeye, dereva, na yeye akapandisha kioo.

Siku hiyo alisoma majina yote kama mama zao walivyoyatamka. Wakaja mmoja mmoja, na vikapu, na maboksi ya sabuni, mzee mmoja na kofia yake. Nikahesabu kumi, kumi, kumi, mpaka jasho likaniingia machoni, na sikumfikiria mtu mwingine yeyote.

Orodha ikaisha. Bibi alikuwa bado kizingitini. Hakuwa wa kitongoji kile, kwa hiyo hakuna aliyemwandika, na mimi niliyeokolewa na maneno yake nilikuwa nimemsahau. Hakulalamika. Aliona karatasi imefika chini, akajifunga khanga yake vizuri, akainuka kuondoka.

Nilikuwa nimesimama ubavuni pa mume wangu, na ile orodha niliiona. Chini ya jina la mwisho palikuwa na muhuri tu.

"Anaitwa nani?" akaninong'oneza.

Nikamwambia. Akakohoa kidogo, macho yake hayakutoka kwenye karatasi, na akasoma kwa sauti ileile aliyowasomea wengine, jina la bibi na la baba yake. Bibi akaitika, akaja na kikapu chake.