Programu Iliyoandika Jina la Marehemu

Nilipoajiriwa Ifakara, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipewa kazi ya mtu aliyekufa maji. Mkuu wa ofisi, Mpogoro wa Mahenge mwenye sauti ya chini, aliniambia hivyo kabla hata hajanionyesha meza. Mtangulizi wangu alikuwa akienda kwao, ng'ambo ya Kivukoni, wakati mto umefurika na pantoni imesimama. Akapanda mtumbwi. Mtumbwi ulipatikana, mpiga kasia akaokolewa. Yeye hakuonekana tena.

"Kompyuta yake ndiyo utakayotumia," mkuu alisema. "Hatuna nyingine."

Ulikuwa mradi mdogo wa wakulima wa mpunga. Wafadhili walitaka uwe na kurasa zake kwenye mtandao, na mimi, binti wa Uchindile, nilikuwa nimetoka kwenye kozi Dar es Salaam nikijua zaidi kidogo tu kuliko wenzangu. Simu zetu hazikuaminika. Kurasa nilizotengeneza zilisafiri kwa basi ndani ya disketi mpaka Dar, huko ndiko zilikowekwa mtandaoni, na barua pepe zetu zilichapishwa huko huko na kurudi kwa basi lile lile.

Mkuu aliniachia nichague mwenyewe programu ya kuandikia kurasa. Zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuja na kompyuta: ukurasa mweupe mtupu, kila alama unaiandika kwa mkono wako, na ukisahau kufunga mabano mahali pamoja, kila kinachofuata kinavurugika. Ya pili aliiweka marehemu. Hiyo ilikuonyesha ukurasa kama msomaji atakavyouona. Unachagua rangi, unaburuta picha mpaka unapoitaka, na zile alama inaziandika yenyewe kwa nyuma. Nilichagua ya pili bila kufikiri sana.

Programu hiyo haikujua Kiswahili. Kila neno nililoandika, mbegu, jaruba, mavuno, ililipigia mstari mwekundu kana kwamba ni kosa. Nikazoea. Wiki chache baadaye nikaandika historia ya mradi, nikamtaja marehemu kwa jina lake kamili. Kioo chote kilikuwa chekundu. Jina lake peke yake halikuwa na mstari. Programu ilikuwa inalijua.

Nilijiambia kwamba aliifundisha mwenyewe, kama mtu yeyote anavyoweza kufanya. Hata hivyo niliinuka nikaenda kusimama nje kidogo, juani.

Siku nyingine picha moja ilikataa kukaa mahali pake, nikaufungua ukurasa ule kwa programu ya kwanza ili nione alama zake za ndani. Juu kabisa, mahali ambapo msomaji wa kawaida hafiki, palikuwa na mstari unaotaja mwandishi. Ukurasa ule niliutengeneza mimi asubuhi ile. Mwandishi alikuwa yeye.

Nikaufuta mstari, nikasevu. Nikarudi kwenye programu yake, nikarekebisha picha, nikasevu tena. Nilipoangalia ndani, jina limerudi. Nikafuta mara ya pili, na likarudi vile vile.

Sababu niliifahamu. Alipoiweka programu alijiandikisha kama mmiliki wake, nayo ikawa inamwandika kwenye kila ukurasa unaoseviwa. Nilijaribu kubadilisha, ikadai siidii yake ya awali, na siidii hiyo hakuna aliyejua ilipo. Kufahamu sababu hakukunisaidia. Kuanzia siku hiyo, kila nilipobonyeza kusevu, nilihisi kuna mtu amemaliza sentensi pamoja nami.

Sikumwambia mtu. Halafu basi likaleta barua pepe iliyochapishwa, kutoka kwa mama mmoja wa huko kwa wafadhili aliyekuwa akikagua kurasa zetu kwa ndani. Mkuu aliisoma akiwa amesimama, akaniletea mezani. Mama yule alimshukuru marehemu kwa ukurasa mpya wa mbegu. Alisema amefurahi kuona kwamba bado anaandika.

"Hawakuambiwa?" niliuliza.

"Waliambiwa," mkuu alisema. "Labda huyu hakuwepo." Akakaa. "Lakini ukurasa wa mbegu ni wako."

Ndipo nikamwonyesha. Alitazama kioo kwa muda mrefu, akafanya ishara ya msalaba, akarudi chumbani kwake na kufunga mlango.

Sijui habari ilitokaje nje. Baada ya siku chache akaja mke wa marehemu, mwanamke mrefu aliyevaa nguo nyeusi ya msiba.

"Shikamoo, dada," nilimwamkia.

"Marahaba, mdogo wangu. Wanasema jina la mume wangu linatoka kwenye mashine."

Nilimpa kiti. Nikamweleza yote polepole, jinsi programu inavyotunza jina la aliyeiweka.

"Nimeelewa," alisema. "Mimi ninachouliza ni kimoja. Ukiacha kuitumia, linaacha kuandikwa?"

"Linaacha."

"Mama yake hataki tumalize tanga. Wazee wamepanga siku, yeye anakataa. Anasema huwezi kumfungia msiba mtu ambaye bado yuko kazini."

"Nani alimwambia habari za kompyuta?"

"Hakuna. Alianza kusema hivyo kabla sisi wengine hatujasikia lolote."

Nilimwendea mkuu siku ile ile, nikamwambia ninabadilisha programu.

"Ile nyingine ni ya polepole," alisema. "Wafadhili wanasubiri."

"Watasubiri."

Hakubisha.

Nikarudi kwenye ukurasa mweupe mtupu, nikaandika kila alama kwa mkono. Kazi niliyokuwa nikiimaliza kabla ya chakula cha mchana ikawa inakula siku nzima. Nilisahau kufunga mabano, maandishi yakageuka yote kuwa makubwa na meusi, nikatafuta kosa mpaka macho yakauma. Lakini kilichokuwa ndani ya ukurasa kilikuwa changu, na nilikijua chote.

Kisha nikaanza kumtoa kwenye kurasa za zamani. Mjane aliomba awepo. Alikaa pembeni yangu, na kila jina lilipofutika alisema maneno machache kwa Kindamba, kwa sauti ndogo. Mimi Kindamba sikijui na sikumwomba anitafsirie. Tulipomaliza alikunja khanga yake vizuri mabegani na kuaga.

Tanga lilimalizwa mto ulipopungua. Mkuu na mimi tulikwenda kwa baiskeli mpaka Kivukoni, tukavuka. Mama mzazi alikuwa amekaa mkekani, mdogo, macho makavu. Nilipiga magoti nikamwamkia. Alinishika mkono, hakuuachia.

"Wewe ndiye uliyechukua kazi yake."

"Ndiyo, mama."

"Mle ndani kuna baridi?"

Ofisi yetu ilikuwa na kiyoyozi kimoja, na kilikuwa kwenye chumba cha kompyuta. Nilimwambia kwamba ndiyo, kuna baridi.

"Nilijua," alisema. "Alikuwa analalamika."

Hakusema alilalamika lini. Walileta wali na kambale, tukala, na njiani kurudi mkuu aliendesha baiskeli mbele yangu bila kugeuka nyuma.

Jumatatu nilizima kiyoyozi, nikafungua madirisha yote. Vumbi la barabarani likaingia, vitufe vikaanza kukwama, na mwaka uliofuata kompyuta ile ikafa kabisa, ikachukuliwa na lori kwenda Morogoro. Mkuu hakuniuliza hata siku moja kwa nini nilikuwa nikifanya kazi kwenye joto namna ile.