Mwalimu wa Insha, Kagoma

Mwalimu wa Kiswahili wa darasa la tano, pale Kagoma, hufuta ubao kwa kiganja ingawa dasta ipo. Sauti yake ni ya chini, ila hupanda akisikia neno "kukariri". Watoto wakiandika hadithi, hupita dawati kwa dawati akiuliza, "Uliona nini? Kilinuka vipi? Halafu?" Jumatatu moja ofisa wa elimu alikuja kukagua madaftari, akaikata kwa wino mwekundu hadithi ya mwanafunzi mmoja, Joanitha, iliyosimulia baba yake akifyeka migomba ya kibanja chao, shamba la kuzunguka nyumba, kwa sababu ya ugonjwa wa mnyauko, huku mama akilia jikoni.

"Haifanani na insha ya mfano tuliyowapa, ile ya safari ya mbugani," alisema ofisa. "Shule nyingine wamekariri vizuri."

Mwalimu aliibana chaki kwa hasira hata ikamvunjikia mkononi. "Huyu hajawahi kuona simba, bwana ofisa. Alichokiona ni migomba ikianguka. Unataka nimfundishe uongo?"

"Nitakuandikia barua."

"Andika, lakini kwanza msikilize."

Akamsimamisha Joanitha mbele ya darasa asome yote, hata mistari iliyokatwa. Yeye mwenyewe akasimama katikati ya mlango, ofisa asipate pa kupita hadi neno la mwisho.