Mwezi wa Kwanza

Juzi magharibi, nje ya duka la Mswahili mmoja hapa Karagwe, tuliuona mwezi wa Idi. Bibi mmoja Mnyambo, mwenyeji wa hapa, aliyefuata chumvi aliupigia makofi taratibu, kisha akatega sikio.

"Zamani mwezi ukiandama, ngoma za mfalme zililia. Mbona kimya?"

"Siku hizi, bibi, zinapigwa bomani kwa Wazungu," mwenye duka akamjibu. "Siku ya kuzaliwa kwa Kaisari wao, mwezi wa kwanza."

Bibi akatabasamu. "Mwezi wa kwanza si ndio huu, mchanga?"

Mwenye duka akainamia chumvi yake. Mimi ninayejua kalenda ya Wazungu, kwamba mwezi wao wa kwanza ungali mbali, nikatazama viatu vyangu.

Siku ya Kaisari tutazicheza ngoma hizo, wasomaji, na bendera juu. Bibi tulimwacha kizingitini akizisubiri, chumvi mapajani.